Pumu Si Upungufu wa Kinga

Mwenye pumu husikia mambo matatu tangu utotoni, na huyasikia kutoka kwa watu wanaompenda. La kwanza, kwamba kinga yake ni dhaifu, ndiyo maana mafua yanayowapitia wenzake kwa siku mbili humlaza yeye wiki nzima. La pili, kwamba kwa kuwa ni dhaifu, lazima iongezwe: tangawizi na asali, unga wa mlonge, kitunguu saumu, au vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinavyouzwa kila duka la dawa. La tatu ndilo baya: kwamba aiache inhela yake ya steroidi, hasa siku za mafua, maana inamaliza hata hiyo kinga kidogo aliyojaliwa. Maneno haya yanasemwa barazani na kwenye foleni za kliniki. Husemwa pia na wauza dawa waliovaa makoti meupe, jambo ambalo halina udhuru.

Mambo hayo matatu ni hoja moja. Ukilikubali la kwanza, mengine mawili hufuata yenyewe. Kwa hiyo naanza na la kwanza, nalo si kweli.

Chimbuko la fikra hii linaeleweka. Watu wa Afrika Mashariki tulifundishwa habari za kinga na gonjwa moja. Kizazi kizima kilijifunza kwenye kliniki za UKIMWI kwamba kinga ni namba: CD4 zikishuka chini ya 200, hali ni mbaya, zikipanda, mshukuru Mungu na umeze dawa kwa wakati. Kwa gonjwa lile somo lilikuwa sahihi, na limeokoa watu wengi. Tatizo ni kwamba tumelibeba somo hilo hadi kwenye magonjwa yasiyohusika nalo. Mtoto akikohoa kila mwezi, tunasema kinga imeshuka, kana kwamba kinga yote ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka.

Pumu ya mzio iko mbali sana na hali hiyo. Mwenye pumu ya mzio ana kinga inayofanya kazi kupita kiasi dhidi ya vitu visivyo na madhara: kinyesi cha utitiri wa vumbi waliojaa kwenye magodoro, mabaki ya mende jikoni, magamba ya ngozi ya paka, chavua. Mwili wake hutengeneza kwa wingi kingamwili ziitwazo IgE, huita chembe za iosinofili, humwaga kemikali za interlukini 4, 5 na 13. Mpango huu wote kwa asili ni wa kupambana na minyoo na vimelea vya aina hiyo. Kwake yeye umeelekezwa kwenye vumbi. Anayemwita mtu wa namna hii mwenye kinga pungufu hajaitazama damu yake.

Lakini si hushikwa na mafua zaidi ya wengine? Swali hili liliulizwa kwa werevu mkubwa na watafiti wa Uingereza, na majibu yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002. Walichukua jozi 76 za watu wanaoishi pamoja kama mke na mume, mmoja ana pumu ya mzio, mwenzake mzima. Wanakula pamoja, wanalala chumba kimoja, wanapigiana chafya. Wakawa wanawapima wote, majuma kwa majuma, kutafuta rinovirusi, yaani virusi vinavyoongoza kwa kuleta mafua. Virusi vilipatikana katika asilimia 10.1 ya sampuli za wenye pumu na asilimia 8.5 ya sampuli za wenzao, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kilichotofautiana ni kilichofuata: kwa wenye pumu dalili za kifuani zilikuwa kali zaidi na zilikaa muda mrefu zaidi. Mafua ya nyumba moja yaliishia puani kwa mmoja, yakashuka kifuani kwa mwingine.

Mtetezi makini wa fikra ya kinga dhaifu hatasalimu amri hapo. Atanitajia utafiti wa Southampton wa mwaka 2005, na ana haki ya kuutaja, kwani ni hoja nzito kuliko mlonge wote wa soko la Kariakoo. Watafiti hao walichukua seli za utando wa mirija ya hewa kutoka kwa wenye pumu, wakaziambukiza rinovirusi maabara. Seli hizo zilitoa interferoni beta kidogo kuliko seli za watu wazima wa afya, na virusi vikazaliana kwa wingi zaidi ndani yake. Interferoni ndiyo ishara ya kwanza ya hatari: seli iliyovamiwa huitoa ili jirani zake zijifunge kabla virusi havijazifikia. Mwaka uliofuata kundi la London likaonyesha upungufu kama huo kwa interferoni lamda. Basi, atasema mpinzani wangu, si ndiyo kinga dhaifu hiyo?

Ingekuwa hivyo kama hadithi ingeishia hapo. Makundi mengine yalirudia majaribio hayo na hayakuuona upungufu. Jibu lililonishawishi lilitoka mwaka 2014 katika jarida la Thorax: watafiti walipowapima watu ambao pumu yao imedhibitiwa vizuri kwa dawa, walikuta wanatoa interferoni sawa na watu wasio na pumu. Kama udhaifu ungekuwa ni maumbile yao, ungebaki palepale hata pumu ikitulia. Tafsiri inayoingia akilini mwangu ni kwamba udhaifu huo ni tokeo la mzio uliowaka bila kudhibitiwa, na mzio ukitulia, ulinzi unarudi.

Namna jambo hili linavyotokea mwilini inajulikana leo vizuri kuliko zamani. Katika damu na kwenye njia ya hewa kuna seli za dendriti ambazo kazi yao kubwa ni kutambua virusi na kutoa interferoni alfa. Seli hizohizo zimebeba vipokezi vya IgE. Vumbi likimfikia mwenye mzio na kuzishika IgE zilizokaa juu ya vipokezi hivyo, uwezo wa seli hizo kuvijibu virusi hupungua. Kinyume chake pia ni kweli: interferoni ikitoka mapema na kwa wingi, hupunguza vipokezi vya IgE. Anayetangulia humnyamazisha mwenzake. Tena rinovirusi vikishaingia kwenye seli za utando, seli hizo hutoa interlukini 33 na 25, na kemikali hizo huuchochea mzio upya. Mzio unavipa virusi nafasi, virusi vinauongezea mzio nguvu, na mgonjwa anabanwa kifua katikati yao.

Chukua daladala ya jioni iliyofungulia muziki hadi mwisho. Abiria anataka kushuka, konda anagonga bati, dereva hasikii, kituo kinapitwa. Masikio ya dereva ni mazima na breki ni nzima. Unaweza kumpa konda nyundo agonge kwa nguvu zaidi. Unaweza pia kupunguza redio. Tiba zote mbili zimejaribiwa kwa wenye pumu, na matokeo yake hayafanani.

Nyundo ilijaribiwa Uingereza na nchi nyingine, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wenye pumu waliopata mafua walivutishwa interferoni beta yenyewe, kemikali ileile inayosemekana kuwapungukia. Ukitaka kuongeza kinga, huwezi kuongeza kwa usahihi zaidi ya hapo. Lengo kuu la jaribio halikufikiwa kwa kundi zima. Nafuu ilionekana kwa wale tu ambao pumu yao ilikuwa ngumu kutibika. Nilitarajia wauzaji wa viongeza kinga wangelisoma jaribio hili na kunyamaza kidogo. Ikiwa interferoni halisi, iliyofikishwa mapafuni kwa kifaa maalumu, haikutosha, chai ya tangawizi itafanya nini hasa?

Redio ilipunguzwa Marekani. Dawa ya sindano iitwayo omalizumabu huzishika IgE kabla hazijafika kwenye vipokezi. Haiui kirusi hata kimoja, wala haiongezi chembe yoyote ya kinga. Kinachofanyika ni kuondoa sehemu ya kinga. Kwa mantiki ya kinga dhaifu, ingepaswa kuwaacha wagonjwa wazi mbele ya mafua. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya watoto na vijana 419 wa mitaa ya watu wenye kipato kidogo katika miji ya Marekani. Waliopata shambulio la pumu walipungua kutoka asilimia 48.8 hadi asilimia 30.3. Wimbi la mashambulio linalowapiga watoto kila msimu wa mafua, shule zinapofunguliwa, karibu lilitoweka kwa waliochomwa dawa hiyo. Miaka minne baadaye jaribio jingine likaonyesha kwamba seli za watoto waliotibiwa hivyo zilirejesha uwezo wa kutoa interferoni alfa zikikutana na rinovirusi, na wale ambao uwezo huo ulirudi zaidi ndio waliopata mashambulio machache zaidi. Kinga yao dhidi ya virusi ilikuwepo muda wote.

Katika jaribio la 2011 kuna jambo ambalo wakazi wa miji yetu wangelipa uzito: faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye mzio wa mende wanaoishi kwenye nyumba zenye mende. Na huko Manchester mwaka 2006 watafiti walilinganisha watoto waliolazwa kwa pumu na wasiolazwa, wakakuta kwamba mzio wa kitu fulani, kuwepo kwa kitu hicho nyumbani, na maambukizi ya virusi vikikutana kwa mtoto mmoja, uwezekano wa kulazwa ulipanda karibu mara 19. Familia inayotumia fedha kununua viongeza kinga na kuacha godoro la mtoto bila kuanikwa juani, mende wakitamba kabatini na dawa ya mbu ya kuchoma ikifuka chumbani usiku kucha, inashughulikia mahali ambapo hapana tatizo.

Korona nayo ilitoa ushahidi ambao hakuna aliyeupanga. Mwanzoni mwa 2020 mashirika mengi ya afya yaliwaweka wenye pumu kwenye orodha ya walio hatarini. Tahadhari hiyo ilikuwa ya busara. Kisha takwimu zikaanza kuja. Uchambuzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka huo, uliohusisha watu wazima zaidi ya milioni 17, ulikuta kwamba mwenye pumu asiyetumia vidonge vya steroidi karibuni hakuwa na hatari ya kufa kwa korona kubwa kuliko mwingine. Aliyevitumia alikuwa na hatari iliyozidi kwa kiasi cha asilimia 13. Na watafiti waliotazama seli za njia ya hewa walikuta kwamba wenye pumu ya mzio wana kipokezi cha ACE2, ambacho virusi vya korona hukitumia kuingilia, kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Interlukini 13, kemikali ileile ya mzio, hukipunguza kipokezi hicho. Pumu isiyo ya mzio haikupata nafuu hiyo.

Hapa fikra ya kinga kama namba moja inakwama kabisa. Mtu huyohuyo, kwa sababu ya mzio uleule, anateswa na rinovirusi na anapata ahueni kidogo kwa korona. Mwingine amezaliwa na umbo fulani la protini ya CDHR3 juu ya seli zake, na rinovirusi vya kundi C huipenda protini hiyo, wala kinga yake haihusiki na mlango huo. Ukiniuliza kama kinga ya mwenye pumu iko juu au chini, nitakuuliza: dhidi ya nini?

Sasa steroidi, ambapo upotofu huu huua.

Nakiri yaliyo ya kweli. Maabara, steroidi hupunguza utoaji wa interferoni. Kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoharibiwa na sigara kwa miaka mingi, baadhi ya steroidi za kuvuta huongeza nimonia. Inhela hizi huleta fangasi mdomoni kwa asiyesukutua baada ya kuvuta. Tena wenye pumu wana hatari zaidi ya maambukizi mazito ya bakteria wa pneumokokasi, na chanjo ya mafua ya msimu inawafaa. Hayo yote yanaweza kuwa kweli na bado ushauri wa kuiacha inhela ukawa ushauri mbaya, kwa sababu mgonjwa haishi kwenye kisahani cha maabara. Anaishi kwenye mwili wenye mzio, na steroidi inayofika kwenye mirija yake huupunguza mzio huo unaozuia ulinzi kufanya kazi.

Twende kwenye vifo, maana hapo hakuna nadharia. Katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada watafiti walifuatilia rekodi za dawa za wenye pumu zaidi ya 30,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Kila mkebe mmoja zaidi wa steroidi ya kuvuta kwa mwaka uliambatana na kupungua kwa vifo vya pumu kwa asilimia 21. Walioacha walikufa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya kuacha kuliko walioendelea. Soma tena sentensi hiyo ukimfikiria mtu anayeambiwa aweke inhela kabatini mpaka mafua yaishe.

Mwaka 2018 jaribio la SYGMA liliwalinganisha wenye pumu hafifu waliovuta dawa ya kufungua mirija peke yake kila walipobanwa, na wengine waliovuta, kila walipobanwa, dawa ya kufungua mirija iliyochanganywa na steroidi ya budesonidi. Mashambulio makali yalipungua kwa asilimia 64 kwa hao wa pili. Mwaka uliofuata miongozo ya kimataifa ya GINA iliacha kupendekeza inhela ya kufungua mirija peke yake kwa watu wazima na vijana. Yaani wakati ambao mtaa unamwambia mgonjwa asiiguse steroidi, siku za kubanwa na mafua, ndio wakati ambao sayansi inataka steroidi iwe mkononi mwake. Oxford walifika mbali zaidi: mwaka 2021 waliwapa budesonidi ya kuvuta watu wenye korona ya siku za mwanzo, na waliohitaji huduma ya dharura walikuwa asilimia 3, dhidi ya asilimia 15 ya waliopata huduma ya kawaida. Lilikuwa jaribio dogo, la watu 146, na majaribio mengine ya steroidi za kuvuta hayakuona faida ya namna hiyo. Simwambii mtu avute budesonidi kwa ajili ya korona. Nauliza tu, yuko wapi yule aliyetabiri kwamba wangeangamia?

Kinachonishangaza zaidi ni hofu hii inakoelekea. Mtu anayeiogopa inhela huishia kwenye vidonge. Shambulio likija, hupewa prednisoloni, kwa kawaida miligramu 40 kwa siku kwa siku tano, jumla miligramu 200. Katika shambulio kali vidonge hivyo huokoa maisha na hakuna wa kuvikataa. Lakini dozi ya chini ya beklometasoni ya kuvuta ni mikrogramu 200 kwa siku. Ili ufikishe miligramu 200 lazima uvute kila siku kwa siku 1,000, karibu miaka mitatu. Najua dawa hizi hazilingani nguvu, na beklometasoni ni kali zaidi gramu kwa gramu. Hata hivyo yenyewe inatua mapafuni na sehemu ndogo tu huingia damuni, wakati kidonge hupita mwili mzima, mifupa, sukari, macho na kinga. Anayekwepa steroidi kwa jina hulipa kwa steroidi nyingi zaidi, mara tatu au nne kwa mwaka. Katikati ya mashambulio huongezewa amoksilini, ambayo haina kazi kwa rinovirusi, na kujifukiza kwa majani ya mkaratusi, ambayo harufu yake kali yaweza kuwa ndiyo ya kumbana kifua.

Yapo mapingamizi mawili ninayoyaheshimu. La kwanza ni la mama anayesema mwanawe akishaanza inhela hataiacha maisha. Kweli inaweza kuwa ya miaka, kwa kuwa mzio wenyewe ni wa miaka. Miwani nayo huvaliwa kila siku na hakuna anayesema macho yamezoea. La pili ni la fedha. Omalizumabu si dawa ya watu wa kawaida, na nimeitaja kwa ajili ya inachotufundisha. Beklometasoni na budesonidi ni za zamani, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, na bado zahanati nyingi zina inhela ya bluu ya kufungua mirija na hazina hiyo ya pili, au hazina yoyote. Kifaa cha kumsaidia mtoto kuvuta hakihitaji bajeti: watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa vizuri kitakoni na kubanwa kwenye inhela, hufikisha dawa kwa watoto sawasawa na kifaa cha dukani. Chupa tunazo. Anayetaka kugombana na mtu kuhusu mapafu ya mtoto wake, amwulize mganga mfawidhi ni lini steroidi ya kuvuta itaagizwa.